Vitufe Vifuate Mkono: Hotuba Niliyoitoa Chake Chake

Waliokosa mkutano, wengi wao wa Unguja na wachache wa Wete ambao mvua iliwazuia, wameniomba niyaweke maneno yangu yote. Haya hapa kama nilivyoyasema. Picha za skrini sikuziweka.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, walimu wa skuli, makarani wa maofisini, na nyinyi vijana wa kompyuta mliojazana mlangoni: sogeeni mbele jamani, viti vipo, hapa hapaliwi mtu.

Nimetakiwa nizungumze juu ya kupanga upya amri za kibodi katika Emacs. Hebu niulize kwanza. Nani hapa kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto humuuma ikifika jioni? Naam, naiona mikono. Nani kila baada ya dakika mbili huacha kuandika akaitafuta mausi? Wengi zaidi. Na nani amewahi kujiuliza: ni nani aliyeamua kwamba kuhifadhi faili ni Ctrl-x kisha Ctrl-s? Nani huyo? Alikujua wewe? Aliujua mkono wako? Alijua kama laptopu yako ni mtumba na herufi zake nusu zimefutika?

Kwa wale wasioijua, Emacs ni kihariri cha maandishi. Unaandikia programu, barua, orodha, shairi, chochote. Ni ya bure, na GNU Emacs ya kwanza ilitolewa kwa watu mwaka 1985, kwa hiyo ina umri mkubwa kuliko wengi wenu mliokaa hapa. Jambo lake kubwa ni kwamba sehemu kubwa ya Emacs imeandikwa kwa lugha yake mwenyewe, Emacs Lisp, na lugha hiyo umeachiwa na wewe uitumie, papo hapo, kihariri kikiwa kinaendelea na kazi. Hakuna mlango uliofungwa.

Tukubaliane namna ya kusema. Nikisema C-x, nakusudia ushikilie Ctrl huku unabonyeza x. Nikisema M-x, shikilia Alt. Basi.

Jambo la kwanza ninalotaka mlishike: kitufe ni kitufe, na amri ni amri. Amri ina jina lake. C-x C-s huita amri iitwayo save-buffer. C-s huita isearch-forward. Hata ukibonyeza herufi a tupu, Emacs inaita amri, nayo inaitwa self-insert-command, na kazi yake ni kuiandika ile herufi uliyobonyeza. Kila kitufe, jamani. Kila kitufe kimefungwa kwenye jina, na fundo hilo unaweza kulifungua.

Kijana mmoja alinijia na laptopu mkononi, uso umemshuka. Ati Emacs yake inakimbia. Anaandika kazi ya chuo, akikosea anabonyeza Ctrl-z kama alivyozoea kwenye programu nyengine ili arudishe alichokifuta, na dirisha zima linatoweka. Anafungua upya, anaandika, anakosea, linatoweka tena. Nikamwambia, kijana, kabla ya kulaumu, uliza. Tukabonyeza C-h k, ambayo maana yake ni "niambie kitufe hiki kinafanya nini", kisha C-z. Emacs ikajibu: suspend-frame. Hiyo ni amri ya kulishusha dirisha chini, na kama uko kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri tupu, Emacs inasimamishwa mpaka uandike amri fg. Maandishi yake yote yalikuwepo salama! Hakupoteza hata nukta. Ila kitufe ambacho mkono wake unakijua kwa kazi moja, Emacs imekipa kazi nyengine.

Tukaandika mstari mmoja:

(keymap-global-set "C-z" 'undo)

Tukaweka kishale mwisho wa mstari ule, tukabonyeza C-x C-e, yaani "utekeleze mstari huu", na pale pale Ctrl-z ikawa inarudisha alichokifuta. Hatukuzima kitu, hatukuwasha kitu. Halafu tukauhifadhi mstari ule kwenye faili la init.el, lile linalosomwa kila Emacs inapoanza, ili na kesho uwepo. Wenye Emacs ya kabla ya toleo la 29, na hao ni pamoja na wote mnaotumia Ubuntu 22.04 kama ilivyokuja, nyinyi mtaandika kwa njia ya zamani:

(global-set-key (kbd "C-z") 'undo)

Ya zamani bado inafanya kazi hata kwenye toleo jipya, msigombane juu ya hilo.

Nimeulizwa mara nyingi: si ujeuri huu, kubadilisha vitu vilivyopangwa na wataalamu? Hapa nataka niwapeleke Marekani kidogo, chuo cha MIT, kwenye maabara ya akili bandia, mwaka 1976. Wataalamu wenyewe ndio hao. Kihariri chao kilikuwa kinaitwa TECO, nacho kilikuwa kigumu kwelikweli, amri zake ukizitazama utadhani paka amepita juu ya kibodi. Kwa hiyo kila mtu alijitengenezea makro zake, yaani mafungu ya amri yanayoitwa kwa mara moja, na kila mtu akazipanga kwenye vitufe avitakavyo yeye. Raha, si ndiyo? Raha kwake peke yake. Ukikaa kwenye mashine ya mwenzako hujui pa kushika. Guy Steele akaanza kuzikusanya makro zile na kuzipatanisha, na Richard Stallman akaichukua kazi ile mpaka ikawa Emacs ya kwanza.

Mnaona sasa? Vile vitufe unavyovikuta siku ya kwanza ni maafikiano. Watu wa jengo moja waliafikiana ili waweze kukaa kwenye mashine za wenzao. Yanastahiki heshima, na mimi nayaheshimu, ndiyo maana sikushaurini muyang'oe yote. Lakini yalifanywa juu ya vibodi vya wakati wao. Chukueni kibodi ya kompyuta zilizoitwa mashine za Lisp, za pale pale MIT, ile iliyojulikana kwa jina la space-cadet. Control yake ilikuwa jirani kabisa na kitufe kirefu cha nafasi, unaibonyeza kwa kidole gumba, kidole chenye nguvu. Kibodi ya IBM PC ya mwaka 1981 iliiweka Ctrl kushoto ya herufi A. Halafu, ndani ya miaka ya themanini hiyo hiyo, ikahamishwa pembeni chini kabisa, na pale pazuri akakaa nani? Caps Lock! Mwambieni jirani yako: leo umeitumia Caps Lock kwa kazi gani?

Ndiyo kidole cha mwisho kinauma. Kinachouma si Emacs, ni kona ile. Ikiwa hamtachukua kitu chengine leo, chukueni hiki: igeuzeni Caps Lock iwe Ctrl. Hilo halifanywi ndani ya Emacs, linafanywa kwenye mfumo wa kompyuta wenyewe, na kwenye Linux inayotumia X11, ule mfumo wake wa kuonesha madirisha, ni amri moja tu, setxkbmap -option ctrl:nocaps. Siku za mwanzo utaudhika. Vumilia.

Sasa makarani, dada zangu na kaka zangu, msije mkadhani leo ni siku ya vijana wa kompyuta peke yao. Stallman aliwahi kusimulia kisa ambacho mimi nakipenda kuliko vyote katika historia hii. Bernard Greenberg aliandika Emacs ya Multics, mfumo wa kompyuta kubwa za wakati ule, mwaka 1978, na ofisini mwao makatibu muhtasi wakaanza kuitumia. Walipewa kitabu cha maelekezo kinachoonesha namna ya kujiongezea amri, lakini hakikutaja popote kwamba kufanya hivyo ni kuandika programu. Makatibu wakakisoma, wakafanya, wakaweza. Walikuwa wanaandika programu, na hakuna aliyekuwa amewatisha kwa neno hilo!

Je, hapa kwetu nani anawatisha makarani? Sijibu, mnajua wenyewe.

Nikupeni kisa cha karani mmoja wa hapa hapa Chake, dada ambaye sitamtaja. Aliletewa orodha ndefu ya majina ya wanafunzi, kila mstari jina la babu limetangulia: Khamis Asha Juma, Mbarouk Salim Ali, na kuendelea kurasa kwa kurasa. Ofisi inataka kama tunavyoitana sote, jina lako, la baba, la babu. Asha Juma Khamis. Mkubwa wake akamwambia ayapange kwa mkono, apewe wiki nzima. Wiki nzima, ya kukata na kubandika!

Nikamwambia, dada, mstari wa kwanza fanya wewe, iliyobaki iachie Emacs. Akabonyeza F3, maana yake "anza kunitazama". Kisha polepole: C-a, kwenda mwanzo wa mstari. M-d, kulikata neno la kwanza. C-d, kuifuta ile nafasi iliyobaki mbele. C-e, mwisho wa mstari. Nafasi moja. C-y, kulibandika neno lililokatwa. C-n, mstari unaofuata. Akabonyeza F4, "basi, umeshaona". Mstari wa kwanza umesomeka Asha Juma Khamis. Akabonyeza F4 tena: Salim Ali Mbarouk. Akacheka. Akabonyeza tena, na tena, kama mtoto aliyepewa kengele. Nikamwambia sasa bonyeza C-u 0 kisha F4, yaani rudia mpaka faili liishe. Skrini ikatikisika kidogo, na orodha ikawa imekwisha.

Majina yenye maneno manne ilibidi ayatazame yeye kwa macho, maana makro haina akili, inafuata ulichoionesha. Hilo msilisahau.

Lakini subirini, kisa hakijaisha, maana mada yetu ni vitufe. Orodha kama zile humjia kila muhula. Afundishe upya kila mara? Hapana. Akabonyeza C-x C-k b, Emacs ikamuuliza: nikufungie makro hii kwenye kitufe gani? Akajibu 1. Tokea hapo akibonyeza C-x C-k 1, mstari unajipanga. Nafasi za kuanzia 0 mpaka 9, na herufi kubwa A mpaka Z, nyuma ya C-x C-k zimeachwa kwa ajili ya makro za mtumiaji, hazigombaniwi na mtu. Kufunga huko hudumu mpaka utakapoizima Emacs, kwa hiyo ili ibaki akaipa jina kwa C-x C-k n, akaiandikisha kwenye init.el kwa M-x insert-kbd-macro, na chini yake akaweka mstari wa kuifunga kwenye kitufe. Huyo ni karani, jamani. Hajasoma kompyuta popote.

Sasa swali linalofuata ni wapi uviweke vitufe vyako. Mama zetu hawauweki mwiko darini. Kinachoshikwa kila siku kinakaa karibu na mkono. Amri unayoiita mara moja kwa mwezi haihitaji kitufe, iite kwa jina lake kwa M-x na imetosha. Ile unayoiita kutwa ndiyo uitafutie pahala. Na Emacs imekuachia pahala. C-c ikifuatiwa na herufi moja, kubwa au ndogo, ni yako. F5 mpaka F9 ni zako. Waandishi wa vifurushi vya Emacs, yaani programu za nyongeza, wameelekezwa wasiziguse.

Kijana wa programu, yupo humu ndani na anajua namsema, hakujali maelekezo hayo. Akafunga amri yake kwenye C-c C-c kwa Emacs nzima. Kwenye maandishi ya kawaida inafanya kazi vizuri. Akifungua faili la Python, haifanyi. Akirudi kwenye barua, inafanya. Akasema kihariri kina majini. Nikamwambia hapa Pemba tuna sifa hiyo tayari, usituongezee. C-h k ndani ya faili la Python, C-c C-c, na jibu likaja: python-shell-send-buffer. Basi. Faili la Python lina mpangilio wake wa vitufe, na huo unasikilizwa kabla ya ule wa jumla. Juu yake kuna mipangilio ya vifaa vidogo unavyoviwasha wewe, nayo inasikilizwa kabla ya huo. Wa jumla unasikilizwa mwisho. C-c na herufi iliyoshikiliwa kwa Ctrl ni pahala pa aina ya faili, na yeye alikwenda kujenga hapo hapo. Akahamia C-c r, na majini yakaondoka.

Ukitaka kuona vitufe vyote vilivyofungwa pale ulipo, bonyeza C-h b. Na wenye toleo la 30, la mwaka 2025, washeni which-key-mode: ukibonyeza C-x ukasita, inakuonesha yanayoweza kufuata. Nzuri kwa wenye kusahau, mimi wa kwanza.

Nina kisa kimoja kikubwa kilichobaki, na nimekiacha nyuma kwa sababu kinatuhusu sisi wa visiwa hivi khasa.

Maalim mmoja wa madrasa, mzee wetu wa upande wa Mkoani, anazo kaswida zake. Nyengine za Kiarabu, nyengine za Kiswahili, zote kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyoandika tokea zamani. Alitaka kuziingiza kwenye kompyuta kabla karatasi hazijaliwa na mchwa. Nikenda kwake. "Shikamoo Maalim." "Marahaba mwanangu. Mashine hii hainijui."

Na kweli haikumjua. Ilikuwa laptopu ya mtumba kutoka Ujerumani. Y na Z zimebadilishana pahala. Emacs yenyewe haina tatizo na maandishi yake. Tokea toleo la 24.1 la mwaka 2012 inaandika kulia kwenda kushoto na inachanganya na Kizungu katika mstari mmoja. Unabonyeza C-x, Enter, kisha C-\, unaichagua njia ya kuandikia inayoitwa arabic, na kutoka hapo C-\ peke yake inakupeleka Kiarabu na kukurudisha. Kitufe kimoja tu! Ila kwenye kibodi ya Kijerumani mstari ule wa mlazo, \, uko wapi? Uko nyuma ya AltGr na ile herufi yao inayofanana na B. Kwa hiyo Maalim, mzee wa watu, ashikilie Ctrl, ashikilie AltGr, na anyooshe kidole mpaka juu kule, kila anapotaka kuweka neno moja la Kilatini. Je, huo ni uungwana?

Mstari mmoja:

(keymap-global-set "<f6>" 'toggle-input-method)

F6 ikawa mlango wake wa kwenda na kurudi. Maalim akaijaribu mara kadhaa, akatikisa kichwa, akasema, "Haya, na pa yangu?"

Swali zuri sana. Kiarabu hakina herufi ya p, wala ch, wala v ya kwetu. Wazee wengi waliandika ب tu na msomaji akajua mwenyewe kama ni ba au pa. Lakini Maalim anawaandikia watoto, anataka nukta zake tatu. Tukamwandikia hivi:

(keymap-global-set "C-c p" (lambda () (interactive) (insert "پ")))

Msiogope mabano. Lambda ni kazi isiyo na jina, neno interactive linaiambia Emacs kwamba kazi hii inaruhusiwa kuitwa kwa kitufe, na insert inaiandika herufi. Tukaweka na چ kwenye C-c c, na ڤ kwenye C-c v. Na angalieni uzuri wake: hata akiwa katikati ya kuandika Kiarabu, akibonyeza C-c, herufi inayofuata Emacs inaisoma kama kitufe cha kawaida, haigeuzi kuwa ya Kiarabu. Kwa hiyo haimlazimu kutoka ndiyo aandike pa. Anapita moja kwa moja. Beti yake ya mwanzo yenye neno "pepo" aliisoma kwa sauti akiwa amekaa pale barazani, akaniambia nimuongezee na ga.

Hakuna aliyemuuzia kile. Hakuna kampuni iliyokaa kikao ikaamua Maalim wa Mkoani anahitaji pa.

Vijana, nawajua. Mkitoka hapa mtaingia kwenye intaneti mtateremsha mipangilio ya mtu wa Ulaya, mistari mia tano, mtaiweka yote usiku mmoja. Kisha mtaniletea maswali. Mimi sitaki maswali ya mipangilio ya mtu mwengine! Kila mstari kwenye init.el yako uwe na kisa chake: siku ile nilichoka na kitu fulani, nikakiondoa. Mstari usio na kisa, ufute. Na ukisahau kufunga bano moja Emacs ikaanza kwa kulalamika, ianzishe kwa emacs -q, itaanza bila ya kulisoma faili lako, utalifungua na utalirekebisha. Hakuna cha kuogopa.

Sasa basi, tumeshapewa saa nzima ya mazoezi na chai italetwa humu humu. Fungueni laptopu. Wasio nazo kaeni wawili wawili, na karani akae na kijana wa programu, siyo makarani upande mmoja. Andikeni kwenye karatasi amri tatu mlizozitumia sana jana, kila moja kwa jina lake, siyo kwa kitufe chake. Jina kama hulijui, C-h k italisema. Mimi nitapita meza kwa meza, nikianzia na aliyefunga C-c C-c.

Wassalaam alaykum.